Pembe za Shamba

(Hotuba ya ibada ya asubuhi redioni. Masomo: Mambo ya Walawi 19:9–10, Kutoka 23:10–11)

  

Asubuhi ya leo napenda tutafakari pamoja habari za kiumbe mdogo sana, naye ni nyuki. Na hasa habari za chakula chake. Huenda mmoja atauliza, Je, mchungaji amekosa neno la kuhubiri hata atuletee mambo ya wadudu? Sivyo, ndugu yangu. Nataka tuone jinsi sheria moja ya Mungu, iliyotolewa zamani sana kule jangwani, inavyogusa mipaka ya mashamba yetu, na mzinga wa jirani yetu, na mwisho mioyo yetu wenyewe.

Somo letu la kwanza, katika Mambo ya Walawi mlango wa 19, lamwagiza mwenye shamba asivune mpaka ukingoni kabisa, wala asirudi kuokota masuke yaliyomponyoka. Sehemu hiyo si yake. Ni ya maskini na ya mgeni. Somo la pili, katika Kutoka mlango wa 23, laenda mbele zaidi. Kila mwaka wa saba ardhi ipumzishwe. Maskini wale kinachoota chenyewe, na kile watakachobakiza maskini kiwe cha wanyama wa mwituni. Angalieni mpango huo. Yuko mwenye shamba, yuko maskini, na yuko mnyama asiye na bwana. Wote watatu wamewekwa katika sheria moja.

Sasa tujue kwanza nyuki hula nini. Wengi wetu tukiulizwa tutasema, "Hula asali." Ni kweli, lakini ni nusu ya kweli. Nyuki aendapo kwenye maua hutafuta vitu viwili. Cha kwanza ni nekta, yale maji matamu yaliyo ndani ya ua, ambayo nyumbani hugeuzwa kuwa asali. Hiyo ndiyo nguvu yake ya kuruka, ya kufanya kazi, na ya kuutia mzinga joto usiku wa baridi. Cha pili ni chavua, ule unga wa rangi tunaouona umefungwa katika miguu yake ya nyuma kama vifurushi viwili. Katika chavua mna protini, na mafuta, na vitamini, na chumvi za madini. Yaani vile vitu vyote vya kuujenga mwili.

Chavua ikifika mzingani huchanganywa na asali na mate ya nyuki, ikashindiliwa katika matundu ya sega, ikachachuka kidogo. Wafugaji huiita mkate wa nyuki. Nyuki vijana wenye kazi ya ulezi hula mkate huo, na miili yao huugeuza kuwa maziwa meupe, ambayo kwayo huwalisha majana na malkia. Kwa hiyo mzinga uliokosa chavua ni kama nyumba ambayo mama anayenyonyesha hana maziwa. Na hapo hutokea jambo la kuhuzunisha. Protini ikipungua sana, walezi hao huwala majana walio wadogo, ili wapate cha kuwalisha walio wakubwa kidogo. Wasomaji wa Biblia watakumbuka habari za mazingira ya Samaria katika kitabu cha pili cha Wafalme mlango wa 6, na mambo mabaya ambayo njaa iliwafanyisha akina mama wa mji ule.

Mwaka 1953 mtaalamu mmoja wa Uholanzi, A. P. de Groot, alionyesha kwamba ziko aina 10 za viungo vya protini ambavyo nyuki hawezi kujitengenezea mwilini mwake. Sharti avipate katika chavua. Lakini chavua za mimea hazifanani. Katika mimea mingine protini haifiki sehemu 10 katika kila 100 za chavua, na katika mimea mingine yapita sehemu 40. Chavua ya mti huu yaweza kuwa na kiungo kimoja kwa wingi na kukosa kingine. Na ile ya jani lililo kando yake ikawa na hicho kilichokosekana. Mwaka 2010 wataalamu wa Ufaransa walitangaza matokeo ya jaribio lao. Nyuki waliolishwa chavua za mimea mbalimbali zilizochanganywa walikuwa na uwezo mkubwa zaidi wa kutengeneza dawa ambayo hulinda chakula cha watoto wao kisiharibiwe na vijidudu, kuliko nyuki waliolishwa chavua ya mmea mmoja tu, hata kama mmea ule mmoja ulikuwa na protini nyingi zaidi.

Akina mama mnalielewa jambo hili kuliko maprofesa. Mmewahi kumwona mtoto ambaye kila siku hupewa uji mtupu. Tumbo limejaa, halii njaa. Lakini nywele zimebadilika rangi, miguu imevimba, na kicheko kimemwacha. Mwaitambua hali hiyo kuwa ni kwashakoo. Mtoto huyo hakukosa kushiba. Alikosa kulishwa.

Basi, mtu akisimama kilimani huko Uasin Gishu au Narok wakati mahindi au ngano zimestawi, ataona rangi ya kijani kutoka upande huu hadi upande ule, naye atamshukuru Mungu. Ni haki ashukuru, kwa maana huo ni ugali wetu na mkate wetu. Lakini nyuki akiruka juu ya shamba lile lile aona nini? Ngano haina nekta ya kumpa. Mahindi huchavushwa na upepo. Kwa siku chache hutoa chavua nyingi, lakini nekta hayana, na hata chavua yenyewe ni chakula hafifu. Mwaka 2012 watafiti wa Ujerumani walieleza kwamba nyuki waliotegemea zaidi chavua ya mahindi walilea watoto wachache, na maisha yao yalikuwa mafupi kuliko ya wenzao waliokula chavua za namna nyingi. Kule Kericho majani ya chai huchumwa na michai hukatwa wakati wote, hata haipati nafasi ya kutoa maua. Kahawa hutoa maua mazuri meupe baada ya mvua, harufu yake ikajaa kijiji kizima, kisha baada ya siku chache yamekwisha. Mikaratusi tuliyoipanda kila mahali kwa ajili ya nguzo na kuni huwapa nyuki nekta nyingi, lakini chavua ya mingi yake hupungukiwa na kimojawapo cha vile viungo 10. Na ua wa misipresi uzungukao nyumba zetu, na makanisa yetu pia, hauna nekta hata tone.

Zamani, katikati ya mahindi mlikuwa na maharagwe, na kunde, na maboga. Na kando ya mahindi mlikuwa na kichaka. Siku hizi wengi hupanda mahindi peke yake na kuua majani kwa dawa. Kishona-nguo, yale magugu yanayotushika suruali na kanzu tukitoka shambani, twayachukia sana. Kumbe nyuki huyatembelea maua yake madogo ya manjano kwa furaha kubwa. Siwahukumu wakulima. Mimi nakula mahindi hayo hayo, na najua ya kuwa mgongo wa mama huumwa na jembe. Nasema tu kwamba meza iliyokuwa na sahani kumi imebaki na sahani moja, na sahani hiyo huwekwa mezani kwa wiki mbili, kisha huondolewa.

Jambo hili limepimwa vizuri katika nchi ya Marekani, katika jimbo la Iowa, ambako sehemu kubwa ya ardhi ni mahindi na soya. Watafiti wa chuo kikuu cha huko waliweka makundi ya nyuki kando ya mashamba ya soya, wakawa wanaipima mizinga uzito wake. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 2019. Mwanzoni mambo yalikuwa mazuri ajabu. Mahali penye kilimo kingi mizinga iliongezeka uzito kuliko mahali penye kilimo kidogo, kwa sababu soya na klova zilikuwa zimechanua. Mtu angalisema, Kilimo hiki hakidhuru nyuki, kinawanenepesha! Lakini ulipofika mwezi wa Agosti maua yale yakakoma yote kwa pamoja, wala pembeni hapakuwa na kitu kingine. Nyuki wakaanza kula akiba yao, na mizinga ikapungua uzito upesi upesi, ingali miezi kabla ya baridi kali. Ndipo watafiti wakachukua baadhi ya mizinga, wakaihamishia mahali palipooteshwa tena majani na maua ya asili ya nchi ile, ambayo huchanua mpaka mwisho wa majira. Mizinga hiyo ikapona na kuongezeka.

Yatupasa kuliangalia jambo hilo kwa makini. Nyuki wale hawakuponywa kwa kuondolewa soya duniani. Shamba kubwa liliwapa shibe ya msimu mmoja. Pembe zenye maua mengi ndizo zilizowavusha wakati wa njaa. Yusufu alipokuwa Misri aliijua siri hiyo, kwamba miaka ya shibe haimsaidii mtu asiye na cha kumvusha katika miaka ya njaa.

Na nyuki wetu wa Afrika? Hao wana tabia yao. Chakula kikipungua mno, mara nyingi hawangoji kufa mzingani. Humaliza akiba, kisha siku moja kundi zima huondoka, malkia wao akiwa katikati yao, wakaenda kutafuta mahali pengine. Mfugaji aja asubuhi akuta sega tupu na kimya. Wengine hudhani ni uchawi, au kwamba jirani ana jicho baya. Ndugu yangu, kabla ya kumshuku jirani, tazama pande zote nne za mzinga wako, ujiulize: Ni kitu gani kinachochanua hapa mwezi huu?

Sasa nafika mahali ninapotaka tusimame kidogo. Kuna mifugo ambayo hamna budi kuwa na ardhi ndipo muifuge. Ng'ombe hutaka malisho, na kondoo hali kadhalika. Lakini nyuki ni mifugo ya mtu asiye na shamba. Mjane aliyebakiwa na kiwanja cha nyumba tu, au kijana ambaye urithi wa baba yake uligawanywa kwa ndugu saba hata haukubaki wa kugawanya, anaweza kufuga nyuki, mradi apate mahali pa utulivu pa kuweka mzinga. Hata ule mzinga uitwao wa Kenya, uliobuniwa miaka ya 1970, hutundikwa usawa wa kiuno, hata mama huweza kuufungua bila kupanda mti. Ni neema kubwa. Lakini fikirini: asali ya mjane huyo yatoka wapi? Yatoka katika mashamba ya jirani zake. Nyuki hajui hati ya shamba, wala haulizi mpaka. Huenda kilomita mbili, hata tatu, na pengine zaidi, akakusanya chembe kwa chembe katika pembe za watu, kisha akarudi na mzigo wake kwa mtu asiye na pembe yoyote.

Je, hamwoni ya kuwa huyo ni Ruthu? Ruthu Mmoabi, mjane na mgeni, alitoka asubuhi akaenda kuokota katika shamba lisilo lake, akarudi jioni na chakula kwa Naomi mkwewe, aliyekuwa amebaki mikono mitupu. Asingalipata kitu kama watu wa Bethlehemu wangalivuna kila suke. Vivyo hivyo sisi tukifyeka kila ua, tukichoma kila ukingo, tukaua kila jani lisilouzwa sokoni, tumemmaliza yule mjane mwenye mzinga. Hatukuingia nyumbani kwake. Hatukumwibia kitu. Hata jina lake pengine hatulijui. Lakini ada ya shule ya mwanawe ilikuwa katika ukingo ule.

Habari hii si ya mbali na Biblia kama tunavyodhani. Kwa muda mrefu wataalamu walibishana kama watu wa Israeli walifuga nyuki kweli, au kama asali itajwayo katika Maandiko ni ya porini na ya tende tu. Mwaka 2007 wachimbaji wa mambo ya kale waliokuwa Tel Rehov, katika bonde la Yordani, walifukua mizinga ya udongo na majani makavu, ipatayo 30 ikiwa bado mizima, imepangwa safu juu ya safu. Umri wake ni kiasi cha miaka 3,000, yaani karibu na nyakati za wafalme wa Israeli. Jambo la kushangaza ni kwamba mizinga hiyo ilikuwa katikati ya mji, kati ya nyumba za watu. Basi nyuki wale chakula chao walikipata wapi? Ilikuwa lazima watoke nje kila siku, waende mashambani na vichakani. Nchi ile iliyoahidiwa maziwa na asali haikuweza kutoa asali bila maua, wala maua bila mtu kuyaachia nafasi.

Sasa nasikia sauti ya mzee mmoja huko nyumbani akisema, "Mchungaji, wewe wahubiri tu. Shamba langu ni nusu ekari, watoto ni sita, na mbolea imepanda bei. Niache pembe gani?" Mzee wangu, swali lako ni la haki, nami sitalikwepa. Sheria ya Mungu haikuandikwa kwa ajili ya matajiri peke yao. Aliyeachia pembe alipoteza kweli kibaba cha ngano. Mungu hakumficha gharama hiyo. Lakini Mungu pia hakumwomba alale njaa. Torati yenyewe haikutaja kipimo. Baadaye walimu wa Kiyahudi waliweka kiasi cha chini, wakasema pembe isipungue sehemu moja katika 60.

Njooni tufanye hesabu. Chukua ekari moja iliyo mraba. Sehemu moja katika 60 ni kama ukanda wenye upana wa mita moja, kwa urefu wa upande mmoja tu wa shamba. Ni hatua moja ya mtu mzima! Kwa nusu ekari ni nusu ya hiyo. Na katika ukanda huo si lazima uote kitu kisicho na faida. Panda mbaazi, nyuki wale maua nawe ule mbegu. Panda kaliandra, ng'ombe wako ale majani. Panda mgrevilea mpakani, siku moja utapata mbao. Ukiacha mukinduri, au mgunga kule kwenye ukame, usimame mpaka uchanue, hujapoteza kitu. Na ikiwa kishona-nguo kimeota ukingoni, mbali na mahindi yako, kiache kichanue, ukikate kabla hakijakomaza mbegu zake.

Mtu atasema, "Mita moja itamfaa nini nyuki?" Ya mtu mmoja, kidogo sana. Lakini kumbukeni nyuki husafiri. Katika mzunguko wa kilomita mbili tu kutoka mzingani mna zaidi ya ekari 3,000. Kama kila mwenye ardhi katika mzunguko huo angeacha sehemu yake moja katika 60, mjane yule angekuwa na ekari 50 za maua, na hakuna hata mmoja aliyetoa zaidi ya hatua moja. Tajiri mmoja hawezi kumfanyia hivyo. Chama cha wafugaji hakiwezi. Serikali yaweza kutoa mizinga, lakini haiwezi kujaza ukingo wa kila shamba. Jambo hili huwezekana kwa kitu kimoja tu, nacho ni kijiji kizima kutii pamoja. Nadhani ndiyo sababu Mungu aliiweka iwe sheria kwa taifa, asiiache iwe sadaka ya mtu mwenye moyo mwema.

Wala msidhani faida ni ya mjane peke yake. Mwaka 2007 wataalamu walichunguza mazao makuu 115 yanayolisha dunia, wakaona kwamba 87 kati yake husaidiwa kwa kadiri fulani na wadudu na viumbe wengine wachavushao. Maboga yako, matikitimaji, maparachichi, kahawa, vyote vyamo. Aliyemwachia Ruthu pembe hakujua ya kuwa katika ukoo wa Ruthu atazaliwa Daudi, na baada ya siku nyingi Kristo mwenyewe. Mungu ana namna yake ya kurudisha.

Na ninyi wafugaji wa nyuki, msifurahi mkidhani neno hili limewapita. Mzinga nao una pembe zake. Yuko mtu ambaye akienda kulina asali hukomba masega yote, na mkate wa nyuki, na majana pia, halafu hushangaa kundi likihama. Mwingine huchukua asali yote, akawapa sukari na maji badala yake. Sukari yaweza kumsaidia nyuki asife leo, lakini haina ile protini ya kumlelea mtoto. Waachie masega ya kutosha. Wamefanya kazi, nao wale.

Neno la Boazi ni la mwisho katika jambo hili. Sheria ilimwambia aache. Yeye aliongeza. Aliwaagiza vijana wake watoe masuke makusudi katika miganda, wayaangushe njiani, ili Ruthu aokote. Sheria hutuambia tusifyeke kila kitu. Upendo hutuambia tupande. Nayaomba mabaraza ya kanisa yanayonisikiliza: tembeeni kuzunguka kiwanja cha kanisa lenu Jumapili hii baada ya ibada. Mwulize, ni kitu gani hapa kinachochanua, na mwezi gani? Kama hakuna, akina mama wa kanisa na vijana wapewe kazi hiyo mvua zikinyesha. Chagueni mimea ambayo huu ukimaliza maua mwingine waanza, ili pasiwe na mwezi mtupu. Na mwenye kupiga dawa ya wadudu asiipige wakati maua yamefunguka na nyuki wako kazini. Iwapo hana budi, angoje jioni wamekwisha kurudi nyumbani, naye afuate maagizo yaliyoandikwa juu ya dawa yenyewe.

Wapendwa, kabla sijawaacha, nafsi zetu pia zina chakula chake. Bwana wetu aliposhawishiwa jangwani alimjibu Ibilisi kwamba mtu hawi hai kwa mkate peke yake. Nasi tuna Wakristo wengi waliolishwa ua moja tu. Mmoja hupenda nyimbo, lakini Biblia haifungui. Mwingine hutaka ahadi za baraka tu, na onyo hataki kulisikia. Mwingine hukaa kwenye sheria siku zote, hata neema haijui. Wakati wa mavuno wote hawa huonekana wanene. Lakini Agosti yao ikifika, mtoto akafa, au kazi ikaisha, au mume akaondoka, huonekana hawakuwa na akiba. Paulo aliwaambia wazee wa Efeso ya kuwa hakuwaficha sehemu yoyote ya mashauri ya Mungu. Tuisome Torati na Zaburi, Manabii na Injili na Nyaraka, yale matamu na yale makali. Maana hatujui ni neno gani litakalotuvusha siku ya njaa.

Tena tukiwa tumeshiba neno hilo, tulitende. Leo hii, ukifika shambani, usianze na jembe. Nenda kwanza mpaka pembeni, usimame hapo dakika moja, utazame kama Mungu akija kutafuta sehemu ya maskini, na ya mgeni, na ya mnyama wake mdogo, ataikuta.

Na tuombe.

Ee Mungu Baba yetu, wewe uliyeumba ua na nyuki siku zako za kwanza, ukaona ya kuwa ni vyema. Utusamehe kwa kuvuna mpaka ukingoni tukasahau walio nyuma yetu. Wabariki wakulima wa nchi hii, uwape mvua kwa wakati wake na bei ya haki. Wakumbuke wajane na vijana wasio na ardhi, na kazi ya mikono yao. Utufundishe kuacha, tena utufundishe kupanda. Na roho zetu uzilishe kwa neno lako lote, hata siku ile tutakapoketi mezani pako, ambapo hakuna njaa tena. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.